Mzee Kipimo na upepo wa kulipia

Ni saa moja kasoro robo asubuhi. Mzee Kipimo amepiga magoti kando ya gari jeupe ambalo si lake na ambalo mwenyewe hakumwita. Gari limesimama mbele ya duka la dawa kwa sababu dereva ameingia kununua dawa ya kikohozi. Mzee anafungua kifuniko cha valvu ya tairi kwa vidole viwili, anabana kipimo cha upepo, anasoma, anatikisa kichwa.

Mwenye gari anatoka na chupa yake mkononi, anasimama, hajui kama apige kelele za mwizi au atoe salamu.

"Hili la nyuma kushoto lina paundi ishirini na nne," Mzee Kipimo anamwambia bila kunyanyuka. "Ukipakia watu wanne walioshiba, unatembelea rimu. Vuka hapo kwangu nikujazie. Hulipi."

Mwenye gari anavuka. Wengi huvuka, na wengi hurudi wiki inayofuata na pancha ambayo wanailipia, kwa hiyo wanaodhani mzee huyu hajui biashara wamekosea kidogo.

Ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na minne kati ya hiyo ameitumia kwenye yadi hii moja, yenye paa la bati, kompresa inayokohoa na benchi refu ambalo madereva wa teksi wamelifanya bunge lao. Siku nzuri huziba pancha kumi na mbili. Siku mbaya huziba mbili, na moja kati ya hizo huwa ya jirani ambaye atalipa kesho. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto watatu, amejenga vyumba vinne, na ameharibu goti la kulia.

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho na kwenye kadi ya hospitali. Kwingine kote, hata kwa wakwe zake, yeye ni Mzee Kipimo, kwa sababu kile kifimbo cha chuma cha kupimia upepo hakijawahi kutoka kwenye mfuko wake wa shati. Ameshapima matairi ya gari la zimamoto likiwa njiani kwenda kuzima moto. Katika harusi ya mpwa wake alichelewesha msafara dakika ishirini, bibi harusi akiwa ndani ya gari amenuna chini ya shela, kwa sababu tairi la mbele lilikuwa limepungukiwa paundi nne na mzee alikataa katakata kuona ndoa inaanza hivyo.

"Alipokuja kwetu kujitambulisha, wazee walikaa sebuleni wakamsubiri mpaka chai ikapoa," anasimulia mkewe, ambaye ni fundi cherehani na ana ulimi mkali kuliko mkasi wake. "Walipotoka nje kumtafuta, walimkuta amechuchumaa kwenye baiskeli ya baba yangu. Baba akasema huyu ama ni mwizi ama ni mtu wa kazi. Wakanioza bila kuwa na uhakika."

Kati ya watoto watatu, wawili wakubwa ni karani na mwalimu, na wote wakisikia neno pancha huangalia saa. Aliyebaki ni binti wa mwisho, mwenye miaka ishirini na sita, aliyekulia juu ya rundo la matairi, akamaliza chuo cha ufundi na kufanya kazi miaka miwili kwenye gereji kubwa ya mji mwingine. Madereva wanamwita Injinia. Walianza kwa kumtania, siku hizi hawatanii.

Miezi saba iliyopita Injinia alirudi nyumbani na shehena. Ilikuwa mashine ya buluu yenye ukubwa wa kabati la nguo, pamoja na boksi lililojaa vifuniko vya kijani vya valvu. Baba yake aliizunguka mara tatu kama anayekagua ng'ombe wa mnadani, kisha akauliza inafanya nini.

Binti alimweleza. Mashine inachuja hewa, inaondoa unyevu na oksijeni, inabakiza naitrojeni. Naitrojeni ni kavu, na haivuji kwa kasi kupitia mpira wa tairi, kwa hiyo presha inakaa muda mrefu zaidi. Magari ya mashindano yanaitumia. Ndege zinaitumia.

"Ndege inatua na watu mia mbili," baba yake alijibu. "Mjomba wako na teksi yake anatua na abiria mmoja na kuku."

Lakini alimpa nafasi upande wa kushoto wa yadi, palepale kwenye kivuli, na yeye mwenyewe akahamia juani. Kwa wiki mbili alitembea kifua mbele. Alimwambia kila aliyepita kwamba mtoto amerudi, na kwamba yadi imepata mrithi. Alisema hivyo hata kwa watu waliokuja kuuliza njia.

Wateja wa naitrojeni walikuja, kila mmoja na imani yake. Mwalimu mmoja aliuliza kama gari litakuwa jepesi kiasi cha kupunguza mafuta. Mama mwenye nyumba za kupangisha alijaza matairi mawili ya mbele tu, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana na wageni. Kijana mmoja wa ofisini alinong'ona kama anaweza kuuziwa vile vifuniko vya kijani peke yake, naitrojeni abaki nayo fundi. Aliuziwa, na inasemekana siku hizi anaegesha gari karibu kabisa na mlango wa mkubwa wake.

Kujaza gari zima naitrojeni kuligharimu sawa na kuziba pancha tatu. Hapo ndipo baba alipoanza kuwashwa.

Hakugombana na mtu. Alichofanya ni kukaa benchini, mteja akiwa anasubiri zamu, na kumpa elimu bila kuombwa. Alikuwa na vikombe kumi vya plastiki alivyovipanga chini. Alimwambia mteja kwamba hivi kumi ndio upepo wetu huu wa kawaida, kisha akavisogeza vikombe vinane pembeni, kimoja akakibonyeza kidogo ili hesabu iwe ya haki, na kusema kwamba hivi vyote ni naitrojeni tayari, na imo ndani ya upepo wa bure tangu dunia iumbwe.

Mteja aliangalia vikombe, akaangalia foleni, akakumbuka kwamba ana haraka. Katika mwezi wa tatu Injinia alipoteza wateja kumi na mmoja kwa mtindo huo, na vikombe vilikuwa bado vinapangwa.

Hapo barua ikaja. Gereji kubwa aliyokuwa akifanya kazi zamani ilimtaka arudi, awe mkuu wa kitengo cha matairi, na ilimpa wiki sita za kujibu. Aliiweka mezani wakati wa chakula cha mchana, kati ya jagi la maji na kijaluba cha chumvi.

"Baba, mimi naipenda yadi hii," alimwambia. "Lakini siwezi kukaa mahali ambapo baba yangu mzazi anakaa benchini kuwaambia watu mimi ni tapeli."

"Mama, sijawahi kutamka neno hilo."

"Vikombe vinatamka."

Mzee anakiri kwamba chakula kilimshinda siku ile. Hata hivyo hakukubali kunyamaza, kwa sababu kwa miaka thelathini na minne hajamwambia mteja jambo asiloliamini, na hakutaka kuanza uzeeni. Binti naye hakutaka kuonewa huruma. Mwishowe wakakubaliana kufanya shindano.

Gari lilikuwa teksi ya shemeji, kaka wa mke wa mzee, ambayo hulala ndani ya yadi kila siku. Matairi mawili ya kulia yalijazwa naitrojeni, mawili ya kushoto yakajazwa upepo wa kompresa, yote paundi thelathini na mbili. Kwa siku thelathini hakuna kuongeza. Siku ya mwisho Injinia angepima mbele ya mwenyekiti wa stendi ya teksi. Naitrojeni ikionekana imesaidia, mzee akusanye vikombe vyake na kufunga mdomo. Isiposaidia, binti afungashe mashine yake na kuijibu barua.

Jioni ya siku ya kwanza, mke wa mzee alimuuliza mumewe kama ameyasikia masharti vizuri. Mzee akasema ameyasikia, na kwamba atashinda.

"Ukishinda, mtoto anaondoka," mkewe akamwambia, uzi ukiwa bado mdomoni. "Utabaki na upepo wako."

Anasema alikaa kitandani muda mrefu na kiatu kimoja mguuni. Katika raha yote ya kujua yuko sahihi, jambo hilo halikuwa limempitia akilini.

Kuanzia kesho yake akawa mtu wa kusikitisha kumtazama. Alitaka kushinda, akaogopa kushinda. Alijiapiza kwamba hataligusa gari, na hakuongeza upepo hata chembe. Lakini kupima si kuongeza, alijiambia, na masharti hayakukataza kupima. Basi kila alfajiri, kabla shemeji hajaamka, alichungulia matairi mawili ya naitrojeni. Kila jioni, shemeji alipokuwa anakula, aliyachungulia tena. Ya upande wake hakuyagusa, kwa kuwa aliyajua.

Alichokiona kilimchanganya. Naitrojeni ilikuwa inapungua. Kila siku ilikuwa chini kidogo, na kila siku mzee alifurahi kwa dakika moja na kuhuzunika mchana kutwa. Mkewe anasema katika wiki ya tatu alianza kumnunulia binti yake matunda, bila maelezo.

Siku ya thelathini yadi ilijaa. Madereva walikuja, mama mwenye nyumba za kupangisha alikuja, mwenye duka la dawa alifunga duka. Injinia alipima kwa kipimo chake kipya, kimyakimya, na mwenyekiti wa stendi akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza kura. Upepo wa kawaida ulikuwa thelathini na moja na thelathini. Naitrojeni ilikuwa ishirini na nne, na ishirini na nne.

Benchi zima lililipuka kwa vicheko. Shemeji alimbeba mzee juujuu, akamshusha haraka kwa ajili ya goti. Injinia aliweka kipimo chini. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaenda kuichomoa mashine yake kwenye umeme.

Mwenyekiti, ili asilaumiwe, akamwomba mzee athibitishe kwa kipimo chake mwenyewe. Mzee akainama kwenye tairi la naitrojeni, akabana.

*Psii.*

Sauti hiyo ameisikia maelfu ya mara. Mdomo wa kipimo chake umelika kwa uzee, na kila kikibanwa huachia upepo kidogo kabla hakijakaa sawa. Haikuwahi kumsumbua, kwa sababu kwa kawaida akipima hujaza papo hapo. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kupima tairi lilelile tena na tena bila kulijaza. Aliwahi mara moja tu, na mara hiyo ilidumu siku thelathini, mara mbili kwa siku, kwa matairi mawili ya binti yake.

"Nilihisi damu inashuka mpaka kwenye soli," anasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naitoa ile naitrojeni. Asubuhi na jioni, kama dawa."

Alinyanyuka, akaomba kimya, akasema yote mbele ya watu. Alfajiri, jioni, kipimo, psii. Akasema ushindi huu si wake, na binti yake hajashindwa.

Wala hawakumwamini.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo madereva wanapenda kuisimulia mpaka leo, kila mmoja kwa chumvi yake. Walimwangalia mzee kwa huruma kubwa. Mwenyekiti akamshika bega, akamwambia kwamba uchungu wa mzazi wanaujua, kila mmoja hapa ana watoto, lakini matokeo ni matokeo na asijichafulie jina kwa uongo wa mapenzi. Shemeji akaongeza kwamba gari ni lake, linalala hapahapa, na hajawahi kumwona mtu amelikaribia. Hapo mzee akamkumbusha kwamba anapokula huwa haoni chochote.

Kwa mara ya kwanza maishani, mtu ambaye neno lake kuhusu matairi halijawahi kupingwa alijikuta anawabembeleza watu waamini kwamba ameharibu. Basi akaamua kuwaonyesha. Aliagiza tairi la akiba la shemeji litolewe, akalijaza paundi thelathini na mbili, Injinia akathibitisha. Kisha akapiga magoti, akaanza kupima.

*Psii.* Moja. *Psii.* Mbili.

Mwanzoni walicheka. Walipofika kumi wakawa wanahesabu kwa pamoja. Kwenye ishirini na tano, mwenye duka la dawa alikumbuka wateja wake, hakuondoka. Jasho lilimtiririka mzee mpaka kwenye kola, na kila baada ya mara chache alibadilisha goti, akakunja uso, akaendelea. Mkewe alisimama mlangoni ameshika futi ya kupimia nguo shingoni.

Kwenye thelathini na nane goti likakataa. Mzee akaegemea tairi kwa kiganja, akavuta pumzi, akajaribu kunyanyua kipimo, kikakosa valvu.

Injinia akaja. Alipiga magoti kando ya baba yake, akakichukua kile kipimo cheusi cha zamani kutoka mkononi mwake, akabana mwenyewe. *Psii.* Thelathini na tisa. Akaendelea mpaka sitini, baba yake akihesabu, watu wote wakihesabu, na wengine hawakuwa wanacheka tena.

Halafu akapima kwa kipimo kipya. Tairi lilikuwa na paundi ishirini na tano.

"Saba zimeliwa na kipimo," mwenyekiti wa stendi alitangaza, na akakohoa kidogo kuficha aibu yake. "Shindano limefutwa."

Mchana huohuo Injinia aliipigia simu gereji kubwa, akaikataa kazi. Alipoulizwa na mwandishi wa makala haya kwa nini hakusubiri shindano la pili, alijibu akiwa anafunga nati, bila kuinua uso.

"Kule nilikaa miaka miwili na mafundi wazuri sana. Sikuwahi kumwona hata mmoja akipiga magoti mbele ya wateja kuthibitisha kwamba aliyekosea ni yeye. Nikasema, sasa naenda kujifunza nini kule?"

Shindano la pili lilifanyika hata hivyo, kwa kuwa benchi lisingewaacha walale. Vipimo vyote viwili vilifungiwa kwenye droo ya cherehani, na ufunguo ukakaa shingoni kwa mke wa mzee. Kwa siku hizo thelathini mzee alipima wateja kwa kipimo cha kuazima na alionekana mgonjwa. Matokeo yalitoka: upepo wa kawaida ulipoteza paundi mbili, naitrojeni ikapoteza moja.

Injinia anasema hiyo ni nusu ya hasara. Baba yake anasema ni paundi moja, kiasi ambacho mtu anakipoteza kwa kumwachia jirani apime. Siku hizi wanayasema hayo mbele ya mteja wote wawili kwa zamu, kila mmoja dakika moja, na vikombe vimeruhusiwa kurudi kwa sharti kwamba Injinia ndiye anayevipanga. Anayesafiri mbali na kusahau matairi yake kwa miezi, humshauri alipie. Anayepita hapa kila wiki mbili, humwambia upepo wa bure unamtosha. Wateja wameongezeka, ingawa mke wa mzee anadai nusu yao huja kusikiliza tu.

Alipoulizwa kama naitrojeni ina faida, mzee alijikuna kidevu.

"Kwenye tairi, ndogo," akasema. "Ukiniuliza kwenye nyumba yangu, nitakujibu vingine."

Kilichobaki ni kibao. Yadi haijawahi kuwa na kibao tangu ianze, na mzee amekata shauri kwamba sasa kitundikwe, chenye maandishi makubwa yanayoonekana kutoka barabarani: *Matairi: Baba na Binti.* Injinia anataka kiandikwe *Binti na Baba*, kwa sababu mashine ni yake, kivuli ni chake, na miaka iliyobaki ya kazi ni yake pia. Mchoraji amekuja mara mbili na kurudi na rangi zake.

Wameacha kuzungumzia jambo hilo wakati wa chakula. Kila mmoja anasubiri mwenzake alegee, na Injinia anaamini kwamba akivumilia wiki mbili nyingine atashinda.

Mzee anangoja binti yake aingie ndani kuchukua spana, kisha anasogea karibu, anashusha sauti.

"Nimeshamlipa mchoraji," ananong'ona. "Anakuja Jumamosi. Nimemwambia aanze na *Binti*. Wewe usimwambie, muache aendelee kunigombeza. Nimezoea kumsikia yupo."